Nimeonja Mirror's Edge: Miguu Imependa, Kichwa Kimegoma

Ukienda Memorial kununua raba, huvai zote mbili. Unaingiza mguu mmoja, unapiga hatua tatu, unaamua. Demo ya gemu ni hivyo hivyo: kipande cha kuonja, kinachotolewa bure ili ujue kama gemu nzima itakufaa. Juzi mwenzangu wa chumba alinunua PS3 ya mtumba, na ndani yake tukakuta demo ya Mirror's Edge. Diski yenye gemu kamili ipo kwa muuzaji yule yule. Boom limeingia, ila mnajua wenyewe boom halikai. Nikasema ngoja nionje kwanza.

Gemu hii ilitengenezwa na DICE ya Stockholm, Sweden, ikaanza kuuzwa Novemba 2008. Unakuwa Faith, dada anayepeleka mizigo ya siri kwa kukimbia juu ya mapaa, katika mji ambao serikali inachungulia mawasiliano yote. Mbio zenyewe zinatokana na mchezo ambao Wafaransa kina David Belle waliuita parkour: kutoka hapa kwenda pale kwa kukimbia, kuruka na kupanda, bila kifaa chochote.

Kilichonikamata ni mwili. Gemu nyingi za bunduki zinakufanya uwe kama kamera inayoelea. Hapa unaona kwa macho ya Faith, na ukiinama unaiona miguu yako. Ukikimbia unasikia pumzi. Tena mwili huu una uzito: mwendo haupandi ghafla, unaujenga hatua kwa hatua, na ukigonga ukuta unaanza upya. Kitufe cha L1 ni cha mambo ya juu, kama kuruka na kupanda. L2 ni cha chini, kama kuteleza na kujikunja. Ukidondoka kutoka juu, bonyeza L2 kabla tu ya kugusa chini: Faith atabiringika na kuendelea na mbio. Ukichelewa, anatua kwa kishindo na mwendo wote umepotea.

Njia nayo imefikiriwa. Mji ni mweupe, lakini bomba au ubao unaopaswa kuufuata unageuka mwekundu. Ni kama mwenyeji anayekupitisha njia ya mkato migombani: haongei sana, ananyoosha kidole tu.

Sasa kasoro. Dakika kumi tu, kichwa kikaanza kuzunguka, na mwenzangu aliyekuwa anatazama akaenda kukaa nje. Sababu ni hii: macho yanaambia ubongo kwamba tunakimbia, huku sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema tumekaa kitandani. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linachafuka. Ni kinyume cha kusoma simu ndani ya daladala linalopanda Marangu: pale sikio linahisi kona, macho hayaoni kitu. Watengenezaji waliliona tatizo, ndiyo maana kuna kitone kidogo katikati ya skrini. Kikazie macho. Mimi nilisogeza kiti nyuma na kuwasha taa, nikapata nafuu. Mwenzangu hakupata.

Kasoro ya pili ni askari. Demo inakufundisha kutosimama, halafu inakuletea watu wenye bunduki. Unaweza kumnyang'anya askari silaha, lakini lazima ubonyeze kitufe pale tu bunduki inapogeuka nyekundu, na nafasi hiyo ni fupi mno. Nilikufa mahali pamoja mara saba, hadi raha ya mbio ikaisha. Mara ya nane nikaacha ubabe, nikampita askari mbio kuelekea kwenye rangi nyekundu. Nikapita salama! Kumbe nilikuwa nalazimisha gemu ya kukimbia iwe ya kupigana.

Kwa hiyo ninunue? Demo imenijibu jambo moja tu: mwili wangu unaivumilia. Haijaniambia kama hadithi ni nzuri, wala kama huko mbele askari watakuwa wengi kiasi cha kuziba kila njia. Nimeamua kusubiri wiki mbili. Hela ya chakula ikitosha na bado naota yale mapaa, nitairudia ile diski. Mwenzangu, mwenye PS3 yake, ameshaamua: anatafuta gemu ya mpira.