Mlevi, Mlezi na Swali la Utayari: Somo kutoka Hadithi Fupi ya F. Scott Fitzgerald

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, neno mlezi na neno mlevi hutofautiana kwa konsonanti moja tu. Yote mawili ni nomino za mtenda zenye kiambishi tamati -i, kama ilivyo katika mpishi na mwizi. Nomino za aina hii aghalabu humtaja mtu kwa tendo lililokwisha kuwa sifa yake. Aliyepika mara moja kwa dharura hatumwiti mpishi, na aliyelewa siku moja arusini si lazima aitwe mlevi. Jina likishaganda, hata hivyo, kulibandua ni kazi. Kwa mtu aliyekuwa mlevi na sasa ameacha, lugha ya kila siku haitupi nomino moja iliyozoeleka, hivyo tunalazimika kutumia kishazi: aliyeacha pombe.

Pengo hili si la kisarufi pekee. Mzazi aliyepoteza malezi ya mtoto kwa sababu ya pombe anapoomba arudishiwe, familia, afisa ustawi wa jamii na hakimu huulizana swali moja: je, yuko tayari? Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia hadithi fupi ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, “Babylon Revisited”, iliyochapishwa mwaka 1931. Hoja kuu ni kwamba utayari si tamko la mzazi, bali ni hali inayoshuhudiwa na wengine kwa muda, na kwamba maneno tunayoyachagua kuieleza hali hiyo yanaweza kumsaidia mtoto au kumdhuru.

2. Kisa chenyewe

Charlie Wales anarejea Paris kutoka Prague, anakofanya biashara. Wakati soko la hisa lilipokuwa likipanda, alitapanya fedha na kunywa kupindukia. Usiku mmoja, baada ya ugomvi, alimfungia mkewe Helen nje kwenye theluji. Baadaye Helen alifariki kwa maradhi ya moyo. Charlie akiwa amelazwa katika kituo cha matibabu, ulezi wa kisheria wa binti yao Honoria ulikabidhiwa kwa Marion, dada wa Helen. Sasa Honoria ana miaka tisa, na baba yake amekuja kumwomba shemeji amrudishe mtoto.

Ombi lake lina uzito. Ana kipato, ana makazi, na amepanga kuwa na watu wa kumsaidia kulea. Kuhusu pombe, amejiwekea kanuni: glasi moja kwa siku, asizidishe. Marion anasita, kisha anaanza kulegea. Mambo yanapokaribia kukamilika, marafiki wawili wa enzi za ulevi, Duncan na Lorraine, wanaingia nyumbani kwa Marion wakiwa wamelewa. Marion anatetemeka kwa hasira na hofu, na shauri linavunjika. Mwishoni Charlie yuko katika baa ya hoteli ya Ritz. Anaarifiwa kwamba suala lazima lisubiri miezi sita. Mhudumu anapotaka kumwongezea glasi ya pili, anakataa.

3. Ushahidi wa pande mbili

Hadithi inasimuliwa katika nafsi ya tatu, lakini msimulizi hakai mbali na Charlie. Msomaji anayaona majuto yake kutoka ndani, jambo ambalo Marion hana njia ya kuliona. Ndiyo maana wasomaji wengi huharakisha kumhukumu Marion kuwa mwenye kinyongo. Kinyongo kweli anacho: wakati Charlie akitapanya, familia ya Marion ilikuwa ikihesabu kila senti. Lakini kinyongo chake hakiifanyi hofu yake kuwa ya uongo. Yeye ndiye aliyempokea dada yake asubuhi baada ya usiku ule wa theluji.

Jambo dogo mwanzoni mwa hadithi hubadilisha usomaji wote. Charlie, akiwa baa, anamwachia mhudumu anwani ya shemeji yake ili impatie Duncan. Mlango ambao marafiki wale wanaupitia baadaye aliufungua mwenyewe. Je, alisahau tu, au sehemu ya nafsi yake haikuwa imeagana na maisha yale? Fitzgerald hajibu. Kanuni ya glasi moja nayo ina sura mbili: ni nidhamu, na pia ni uhusiano usiokatika. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935, miaka minne baada ya hadithi hii, kimejengwa juu ya msimamo wa kuacha kabisa.

Ushahidi wa tatu ni wa Honoria. Baba anapotaka kumnunulia chochote atakacho, mtoto anakumbusha kwamba vitu anavyo tayari. Anachoomba ni kuishi naye. Hata hivyo, baada ya kukataliwa, Charlie anawaza tena kumpelekea zawadi nyingi, kisha anatambua kwa uchungu kwamba hizo ni fedha tu. Na katika mazungumzo ya watu wazima kuhusu hatima yake, Honoria haketi.

4. Aliacha, ameacha, hajanywa

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa kipimo chenye manufaa. Aliacha pombe hutaja tukio lililopita, bila kuthibitisha hali ya leo. Ameacha hudai kwamba matokeo ya tendo yangali yapo, lakini ni dai la jumla na ni rahisi kulitamka. Hajanywa tangu mwezi fulani ni kauli ya unyenyekevu zaidi: ina tarehe, inaweza kuthibitishwa na wanaoishi na mzazi, na kiambishi -ja- kinaacha wazi uwezekano wa kuteleza bila kumtabiria kuteleza. Charlie hawezi kuitumia kauli hiyo. Awezalo kusema ni kwamba anakunywa moja tu.

Suala hili linagusa utendaji wa vyombo vyetu. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 zote zinatanguliza maslahi ya mtoto. Ripoti inayoandika “baba ni mlevi” humfunga mtu ndani ya nomino. Inayoandika “baba ameacha pombe” humfungulia kwa kitenzi kisicho na shahidi. Hakuna kati ya hizo inayomweleza hakimu anachohitaji kujua.

Aidha, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto hupelekwa kwa mama mkubwa, mama mdogo au bibi bila hati yoyote. Kikao cha familia ndicho mahakama ya kwanza, na maneno yake ndiyo hubebwa hadi ofisini.

5. Hitimisho

Hadithi si ushahidi wa kitabibu, wala haimpi hakimu kanuni. Inachofanya ni kuonyesha kwamba majuto ya kweli na utayari ni vitu viwili, na kwamba mlezi wa sasa anaweza kuwa na kinyongo na bado akawa na sababu. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ripoti za ustawi wa jamii zitumie vitenzi vyenye tarehe na mashahidi badala ya nomino za hukumu. Pili, zieleze mazingira ya mzazi: anakutana na nani, na nani anaijua njia ya kufika kwake. Tatu, mtoto asikilizwe, kama Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinavyotaka. Miezi sita ya Charlie ni kipindi cha kusubiri tu. Hakuna aliyemwambia atapimwa kwa lipi, na hakuna aliyemwambia Honoria kwa nini anasubiri.