Bao Lasimulia: Nani Hutoa Ruhusa ya Kucheza?

Sogeeni, wapwa zangu. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, kwa nini wazee wa Unguja hucheza bao kila alasiri, lakini Wasukuma hungoja mpaka Juni ndipo ngoma zao zipambe moto?"

Hongera, mwanangu! Wakubwa wengi hawaulizi. Wanamwona mtu kakaa barazani, wanasema mvivu, wanapita. Wewe umeuliza kwa nini. Basi leo nitaliachia bao lenyewe lijibu.

"Mimi ni bao," lasema. "Hesabuni mashimo yangu. Safu 4, kila safu mashimo 8. Ni mangapi? Naam, 32! Na kete zangu ni 64. Nakaa juu ya baraza ya mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jua likianza kupoa, wazee huja. Muuza kahawa huja na dele lake na vikombe vidogo. Wawili hucheza, wengine huzunguka wakitazama. Kete ikiangukia pabaya, wote huguna."

"Kwani hawana kazi?"

"Wanayo, mwanangu! Yule mwenye kofia ni mvuvi. Alitoka kabla ya alfajiri, kwa sababu bahari haiifuati saa ya ukutani. Bahari ina maji kujaa na maji kupwa. Samaki wake wameshauzwa mnadani wakati wewe unakunywa chai. Kazi ikisema basi, mchezo husema karibu."

Sasa sikieni hili, maana mimi hulipenda kuliko yote. Mvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, na dagaa huifuata ile taa. Je, mwezi ukiwa mpevu?

"Kote kunakuwa na mwanga, Mjomba! Dagaa hawataiona taa!"

Umepata! Taa haiwavuti tena. Kwa hiyo siku za mbalamwezi kali wavuvi wa dagaa hupumzika. Hushona nyavu, hulala, hucheza. Ziwa Viktoria ni hivyo hivyo. Kalenda yao ya likizo imetundikwa mbinguni. Na ninyi watoto mnaijua kalenda hiyo, kwa kuwa usiku huo huo ndio mtamu kwa kombolela.

Mapumziko ni kama maji, na kazi ni chungu. Mimina maji kwenye chungu kipana, yatatandaa. Mimina kwenye chungu chembamba, yatasimama. Maji ni yale yale.

"Na Usukumani chungu kikoje?"

Bao lilitaka kujibu, lakini ngoma kubwa kutoka Mwanza ikadakia. "Hilo ni langu! Kwetu mvua ina msimu mmoja mrefu. Mvua ikinyesha, jembe halina mapumziko. Pamba, mahindi, mtama, vyote vinadai mkono. Nani atanipiga mimi? Ikifika Juni, mavuno mengi yameingia, ardhi imekauka. Hapo ndipo naamka. Kazi ikisema basi, mchezo husema karibu!"

Huko kuna vyama viwili vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vikikutana, kama kule Bujora karibu na Mwanza, hushindana mbele ya watu. Wengine hucheza na majembe mikononi, lile jembe lililowatoa jasho miezi yote. Wengine hucheza na nyoka wakubwa. Mshindi ni nani? Ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake.

"Na wapi hucheza na ng'ombe, Mjomba?"

Pemba. Mtu humchezea fahali kwa kitambaa, huku ngoma na nyimbo zikimchochea, na fahali hauawi. Kakamega, kule Kenya, fahali hukutana na fahali mwenziwe asubuhi na mapema. Mmoja akikimbia, mchezo umekwisha, na kijiji kizima humsindikiza mshindi kwa shangwe. Mnyama ni yule yule, mchezo ni mwingine kabisa.

Mjini je? Kiwandani na ofisini ruhusa hutolewa na saa. Ndiyo maana Jumamosi vibanda umiza vya Dar es Salaam hujaa watu wanaotazama mpira. Na timu za Simba na Yanga zikicheza, kuanzia Kagera mpaka Mtwara tofauti hizi zote za mapumziko hunyamaza kwa dakika 90.

Halafu binti mmoja akaniuliza swali lililonigusa. "Mjomba, mbona barazani nawaona wanaume tu?"

Umeona vyema, binti yangu. Wanawake nao wana michezo yao. Dodoma, wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma za muheme, wanazibana kati ya magoti na kuzipiga mpaka vumbi linapanda. Pwani, wanawake hukutana kwenye hina, kwenye harusi na kwenye taarabu. Lakini mvuvi akirudi, kazi yake imesema basi. Jua likizama baada ya mavuno, mkulima naye ameachiwa. Mama je? Maji yanangoja kuchotwa, kuni zinangoja, mtoto analia. Kazi yake haina mwezi wala msimu wa kusema basi. Kwangu mimi hili si haki, na halikuletwa na bahari wala mvua. Tumelileta sisi wenyewe, kwa hiyo tunaweza kuliondoa.

Basi nendeni nyumbani sasa. Wewe mvulana, na wewe msichana, wote wawili. Mwulizeni mama: "Mama, wewe hupumzika saa ngapi?" Akikosa jibu, chukueni ndoo mkateke maji, naye aende kuketi na wenzake.