Kabla ya kuamini takwimu, zidunge bambo

Msomaji, siku moja ukiamkia sokoni, tuseme Marikiti jijini Nairobi ama Kongowea kule Mombasa, mtazame mnunuzi mzoefu anavyonunua gunia la maharagwe. Yale yaliyo juu hayamshughulishi, maana anajua kwamba mdomo wa gunia hupambwa. Yeye hutoa bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na uwazi ndani, akalidunga gunia ubavuni, kisha chini, kisha katikati, aone kitakachomwagika kiganjani. Konzi mbili tatu zamtosha. Hana haja ya kumwaga gunia zima.

Konzi hiyo ndiyo wataalamu wa takwimu huiita sampuli. Somo hilo huwatoa jasho wanafunzi wengi vyuoni, lakini siri yake yote imo katika bambo. Ukweli hautegemei tu wingi wa maharagwe uliyoyatoa, bali kwanza namna ulivyoyatoa. Kila punje, iwe juu au chini, sharti iwe na nafasi ya kuangukia kiganjani mwako.

Huenda ukauliza hayo yakuhusu nini, wewe uliyemaliza shule zamani. Yakuhusu sana. Kila wiki tunaambiwa kwamba mgombea fulani anaongoza, kwamba dawa fulani ya meno yapendwa na wengi, kwamba kituo fulani cha tuisheni hupasisha watoto. Kwa maneno hayo tunapiga kura na kufungua pochi.

Kadi milioni 10

Mwaka 1936 nchini Marekani, Rais Franklin Roosevelt alikuwa akitetea kiti chake dhidi ya Alf Landon. Jarida moja mashuhuri, Literary Digest, liliwatumia watu kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watampigia nani kura. Zaidi ya milioni 2 zikarudi. Jarida likatangaza kwa kishindo kwamba Landon angepata asilimia 57 na kushinda. Siku ilipofika, Roosevelt alizoa takriban asilimia 61, naye Landon akaambulia majimbo 2 tu kati ya 48. Mtafiti George Gallup, aliyewauliza watu kama 50,000, alikuwa ametabiri mshindi sawasawa. Kufikia mwaka 1938 jarida lile lilikuwa limefunga milango.

Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, ni nani aliyekuwa na simu na gari? Ni wenye nacho, na wengi wao hawakumtaka Roosevelt. Tena, waliorudisha kadi walijichagua wenyewe, na aghalabu mwenye hasira huwahi kujibu kuliko aliyeridhika. Jarida lilichota maharagwe mengi mno, lakini yote ya juu.

Yakumbuke hayo utakapoona kura ya maoni ya mtandaoni inayojivunia maelfu ya washiriki. Waliopiga ni wale walioiona na wakapenda kuijibu. Mama mboga asiye na simu ya intaneti hayumo.

Namna ya kuchagua

Tuseme wewe ni mwanafunzi na umepewa kazi ya kuchunguza saa wanazolala wanafunzi wa shule yenye watoto 800. Ukisimama langoni saa kumi na mbili unusu asubuhi na kuwauliza 80 wa kwanza, umeshaharibu. Hao ni wale wa kuamka mapema.

Chukua rejista badala yake. Waweza kuyaandika majina yote kwenye vikaratasi, ukavichanganya ndani ya boksi na kuokota 80. Hiyo ni sampuli ya kinasibu. Waweza pia kuokota nambari moja kati ya 1 na 10, ukaanzia hapo na kumchukua kila mtoto wa kumi. Ukihofia kwamba darasa dogo litamezwa na makubwa, okota kutoka kila darasa kulingana na wingi wake. Na ikiwa unachunguza shule nyingi zilizotawanyika, okota shule chache kwanza, kisha uwatafute watoto ndani ya hizo. Nauli itapungua, ila lazima uchukue watoto wengi zaidi, kwa maana watoto wa shule moja hufanana.

Na idadi je? Watu 1,000 waliochaguliwa kinasibu hutoa jibu ambalo, mara 95 kati ya 100, halipotoki kwa zaidi ya asilimia 3 hivi juu au chini. Ukitaka kosa hilo lipungue kwa nusu, huna budi kuwauliza watu mara nne, yaani 4,000. La ajabu ni kwamba 1,000 hao hutosha kaunti moja na hutosha Kenya nzima vilevile. Kijiko kimoja huonja mchuzi wa sufuria ndogo na wa sufuria la harusi, mradi umekorogwa.

Chati za Busia

Hata hivyo, kuchagua watu vyema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kipi kimesababisha kipi, na hapa mfano uko nyumbani kwetu.

Katika miaka ya 1990 Michael Kremer na watafiti wenzake walifanya kazi katika shule za msingi za wilaya za Busia na Teso, kama zilivyojulikana wakati huo. Swali moja lilihusu chati kubwa za kufundishia, zile za kutundika mbele ya darasa. Je, huongeza alama? Ukizilinganisha shule zilizojipatia chati na zile zisizo nazo, zenye chati zilionekana kuwa mbele. Mwenye pupa angekimbilia dukani papo hapo.

Lakini ngoja kidogo. Shule iliyojinunulia chati huenda ina mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wanaofuatilia. Ni chati iliyoinua alama, au ni bidii hiyo? Basi zikachukuliwa shule 178, na nusu yake zikachaguliwa kinasibu kupewa chati. Kwa njia hiyo, walimu hodari na walegevu, wazazi wanaojiweza na wasiojiweza, walitapakaa pande zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: hapakuwa na ushahidi wowote kwamba chati ziliongeza alama. Zilikuwa zimesifiwa kwa jasho la wengine. Kazi za namna hiyo zilimletea Kremer Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sasa mzazi, turudi kwa kile kituo cha tuisheni kinachojigamba kwamba watoto wake hupasi. Kabla ya kutoa karo, uliza. Ni watoto gani wanaohesabiwa, wote walioanza ama waliobaki hadi mwisho? Waliingiaje, kwa kuteuliwa walio wepesi wa masomo? Na watoto wa aina hiyo hiyo ambao hawakuja, walipata alama gani? Huenda kituo ni kizuri kweli. Huenda pia kinachota sifa za watoto ambao wangepasi wakiwa mezani kwako, nawe ukalipa pesa ambazo zingenunua vitabu na maziwa.

Muuzaji mwaminifu hachukii bambo. Akikukataza kulidunga gunia lake, funga pochi yako uende gunia la pili.