Fahamu: Sheria za usajili wa mawakala wa kigeni katika majimbo ya Marekani

Sheria ya usajili wa mawakala wa kigeni humtaka mtu anayefanya siasa au ushawishi kwa niaba ya serikali au chama cha nje ajitambulishe kwa mamlaka. Haimkatazi kazi yenyewe; inachodai ni uwazi. Marekani ilitunga sheria ya shirikisho mwaka 1938, wakati propaganda ya Wanazi ikienea nchini humo. Wakala hujisajili Wizara ya Sheria ndani ya siku 10, akamtaja anayemtuma na malipo anayopata. Akikaidi kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5. Wanadiplomasia husamehewa, na pia kazi halisi za dini na elimu.

Sasa majimbo nayo yanataka daftari zao. Nebraska ilipitisha sheria yake mwaka 2025, ikiwalenga mawakala wa mataifa yanayohesabiwa mahasimu, yakiwemo China, Urusi na Iran. Katika jimbo la Georgia, Gavana Brian Kemp aliukataa muswada wa namna hiyo Mei 2024.

Mwezi huohuo, nchi iitwayo Georgia, kule Caucasus, ilipitisha sheria kali zaidi: asasi au chombo cha habari kinachopata zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake kutoka nje lazima kijisajili, hata kama hakuna aliyekiagiza lolote. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani huangalia kama mtu anatenda kwa maagizo, maombi au udhibiti wa mgeni. Sheria hiyo ya 2024 ya nchi ya Georgia huangalia fedha tu, hivyo waangalizi wa uchaguzi wanaopokea ruzuku huwekwa kundi moja na wapambe wa dola ya kigeni.