Vijana wa Attucks: Nidhamu Yao na Hofu ya Mji

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu huzoeleka kutajwa nyumbani na darasani, lakini ukweli wake hudhihirika zaidi vijana wanapopewa mpira mmoja, sheria moja na mwamuzi mmoja, kisha wakaambiwa washindane mbele ya macho ya watu. Hapo ndipo hujulikana nani ana subira na nani ana papara, nani humtii kiongozi wake hata mambo yanapomwendea kombo, na nani huivunja safu mara tu anapoonewa. Askari anayaelewa haya vema, kwa kuwa naye amelelewa kwa kwata na amri.

Makala haya yanasimulia habari za timu ya mpira wa kikapu ya shule moja ya sekondari huko Marekani, katika msimu wa 1954 na 1955. Ni habari za vijana waliotii sheria za mchezo hadi mwisho, na za wakubwa wa mji ambao, baada ya vijana hao kushinda, walishindwa kuwaamini. Kila mlinzi wa usalama ana la kujifunza kwa pande zote mbili.

SHULE ILIYOZALIWA NA UBAGUZI

Katika miaka ya 1920, jimbo la Indiana lilikuwa miongoni mwa ngome za kikundi cha kibaguzi cha Ku Klux Klan. Mjini Indianapolis, makao makuu ya jimbo hilo, watoto weusi waliokuwa wakisoma sekondari pamoja na wazungu walitengwa, wakakusanywa katika shule yao peke yao iliyofunguliwa mwaka 1927. Wakubwa wa elimu walikusudia kuipa jina la Thomas Jefferson, rais aliyemiliki watumwa. Raia weusi walikataa. Basi ikaitwa Crispus Attucks, kwa heshima ya mtu mweusi aliyeuawa kwa risasi za askari wa Uingereza mjini Boston tarehe 5 Machi, 1770, miaka michache kabla ya vita vya uhuru wa Marekani.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa kuwa vyuo vikuu vingi havikuwapa kazi wasomi weusi, wengi wao waliokuwa na shahada za juu walikuja kufundisha Attucks. Shule iliyokusudiwa kuwa zizi ikawa chemchemi ya elimu.

Katika jimbo hilo mpira wa kikapu si mchezo wa kupitishia wakati. Wakati huo kijiji na mji vilifungwa jioni ya mechi, na watu walienda uwanjani. Zamani hizo shule zote, za mijini na za mashambani, kubwa na ndogo, zaidi ya 700 kwa jumla, zilishindania kombe moja tu. Hata hivyo shule za weusi na za Kikatoliki zilizuiwa zisishiriki mpaka mwaka 1942. Kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo, basi, vijana wa Attucks walilazimika kusafiri mbali kutafuta wa kucheza nao, ilhali majirani zao walikuwa umbali wa mitaa michache.

MAKOCHA WAWILI WA TABIA

Mkuu wa shule hiyo tangu mwaka 1930 alikuwa Russell Lane, mtu mwenye elimu kubwa na pia mwanasheria. Yeye aliamini kuwa kila mchezaji wa Attucks ni balozi wa watu wake. Aliwataka wasibishane na mwamuzi, wasijibu matusi, wala wasionyeshe hasira. Nia yake ilikuwa njema. Lakini walikuwapo waliosema kuwa adabu pasipo ari haimfikishi mtu kwenye ushindi.

Mwaka 1950 timu ilikabidhiwa kwa Ray Crowe, mwalimu aliyekulia mashambani humo humo Indiana. Crowe hakuitupa adabu ya Lane, aliitia nguvu. Aliwafundisha vijana kukimbia, kukaba na kushambulia bila kuogopa, na papo hapo akawadai alama nzuri darasani na mwenendo mwema mtaani. Mchezaji hodari aliyezembea masomo au kukosa heshima aliketi kwenye benchi, hata kama timu ingemhitaji.

Crowe alijua pia kuwa waamuzi wengi hawangewatendea haki. Basi aliwaambia vijana wake wahesabu kuwa pointi kumi za mwanzo ni za waamuzi, na kuanzia hapo wacheze za kwao. Maana yake ilikuwa wazi: usipoteze nguvu kulalamikia kisichokuwa mikononi mwako, fanya bidii kiasi kwamba hata dhuluma isitoshe kukushinda. Askari aliyepata kutumwa kazi ngumu kwa vifaa haba ataitambua falsafa hiyo mara moja.

Katika ukumbi mdogo wa shule hapakuwa na nafasi ya watazamaji, kwa hiyo Attucks haikuwa na uwanja wa nyumbani kama timu nyingine. Walisafiri kwa basi usiku wa baridi, na njiani mikahawa mingi haikukubali kuwahudumia. Walikula chakula walichobeba, wakacheza, wakashinda, wakarudi.

MSIMU WA 1954 NA 1955

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Oscar Robertson, aliyezaliwa mwaka 1938 katika jimbo la Tennessee, na ambaye wazazi wake walihamia Indianapolis kutafuta maisha. Nyumbani hapakuwa na fedha za kununua mpira. Oscar alifunga matambara na mipira midogo ya tenisi kwa mipira ya kufungia, akawa analenga kapu la matunda nyuma ya nyumba yao. Watoto wetu wanaocheza kandanda kwa mpira wa matambara hawana haja ya kuelezwa zaidi. Alipofikisha umri wa miaka kumi na sita alikuwa mrefu, mtulivu, na mwenye kuuona uwanja wote kwa jicho moja.

Mwaka uliotangulia Attucks ilikuwa imetolewa mashindanoni na Milan, shule ya mji mdogo yenye wanafunzi 161 tu, ambayo hatimaye ilitwaa kombe la 1954 kwa kuifunga Muncie Central pointi 32 kwa 30. Kushindwa huko hakukuwavunja moyo. Msimu mpya ulipoanza, Attucks iliwapiga wapinzani mmoja baada ya mwingine. Walishindwa mechi moja tu katika msimu mzima, nayo ni ile ya Connersville, kwa tofauti ya pointi moja.

Mtihani mkubwa ulikuwa dhidi ya Muncie Central, siku ya kutafuta timu nne za mwisho. Attucks ilikuwa mbele kwa pointi 71 kwa 70, na Muncie walikuwa na mpira mikononi zikiwa zimebaki sekunde chache. Mpira ulipopigwa kutafuta mfungaji, Robertson aliruka, akaunyakua njiani, na alipohakikisha kuwa muda umekwisha akaurusha juu kuelekea darini. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Fainali ilichezwa tarehe 19 Machi, 1955, katika ukumbi mkubwa wa Butler. Wapinzani walikuwa Roosevelt ya mji wa Gary, nayo shule ya weusi. Kwa hiyo, kabla mpira haujarushwa, ilikwisha kujulikana kuwa kombe lingechukuliwa na weusi kwa mara ya kwanza. Attucks ilishinda kwa pointi 97 kwa 74. Ilikuwa shule ya kwanza ya weusi watupu katika Marekani nzima kutwaa ubingwa wa jimbo katika mashindano ya watu wa rangi zote. Na lingine la kushangaza: Indianapolis, pamoja na ukubwa wake wote, haikuwa imepata kutoa bingwa wa jimbo. Heshima hiyo ya kwanza ililetwa na shule ambayo mji uliijenga ili uiweke kando.

GARI LA ZIMAMOTO LILIPOPINDA

Katikati ya Indianapolis pana mnara mkubwa wa kuwakumbuka askari na mabaharia wa jimbo hilo, wakiwamo wale waliopigana katika vita vya 1861 hadi 1865 vilivyokomesha utumwa. Barabara inauzunguka mnara huo, na ndipo mabingwa waliposhangiliwa. Vijana wa Milan waliposhinda mwaka 1954, msafara wao uliongozwa na askari polisi mwenye pikipiki, naye kwa furaha akawazungusha mnara kwa kuelekea upande usioruhusiwa na sheria za barabarani. Watu walicheka na kupiga makofi.

Zamu ya Attucks mambo yalikuwa mengine. Kabla ya fainali, wakubwa wa mji walikwisha kumwuliza mkuu Lane kama watu wake wangefanya fujo iwapo wangeshinda. Yeye alithibitisha kuwa hapangekuwa na fujo. Hata hivyo mabingwa walipandishwa kwenye gari la zimamoto, wakazungushwa mnara mara moja, kisha gari likapinda na kuwapeleka hadi bustani moja katika mitaa ya weusi. Huko ndiko walikoambiwa wakashangilie. Uliwashwa moto mkubwa, maelfu wakaimba na kucheza hadi usiku. Hapakutokea ghasia yoyote.

Robertson hakukaa. Aliondoka mapema, akaenda nyumbani kwa baba yake, akamwambia kuwa watu wa mji hawawataki. Kijana aliyewaletea sifa alilala na uchungu, na uchungu huo aliusimulia hata uzeeni.

Tulitazame jambo hili kwa macho ya kazi yetu. Kulinda umati ni wajibu, na kujiandaa kwa lolote ni busara. Lakini kujiandaa ni kitu kimoja, na kumhesabu raia kuwa mhalifu kabla hajatenda kosa ni kitu kingine. Umati wa Milan na umati wa Attucks walikuwa na furaha ile ile. Mmoja ulisindikizwa kwa bashasha hata sheria ikalegezwa. Mwingine uliondolewa katikati ya mji ingawa haukuvunja sheria yoyote. Tofauti haikuwa katika mwenendo wao. Ilikuwa katika macho ya waliowatazama. Mahali ambapo sheria hulegezwa kwa mmoja na kukazwa kwa mwingine, heshima ya sheria yenyewe hupungua, na kazi ya askari wa kesho huwa ngumu zaidi.

MAJIBU YA VIJANA

Walijibuje? Hawakuvunja kioo, wala hawakuacha mchezo. Msimu uliofuata walirudi uwanjani wakashinda mechi zote 31, wakawa mabingwa wa kwanza wa Indiana kumaliza msimu bila kushindwa hata mara moja. Katika fainali ya 1956 waliifunga Lafayette Jefferson pointi 79 kwa 57, na Robertson peke yake akapata 39. Katika miaka saba ya Crowe, Attucks ilishinda mechi 179 na kushindwa 20 tu.

Isidhaniwe kuwa utulivu wao ulikuwa kukubali kuonewa. Robertson alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, akawa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa Marekani. Kisha mwaka 1970, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi ya NBA mahakamani kwa kuwanyima wachezaji uhuru wa kuchagua timu. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano mwaka 1976, na wachezaji wakapata haki nyingi. Nidhamu aliyofunzwa shuleni haikumfunga mdomo; ilimfundisha wapi pa kusemea, na kwa njia gani.

Mji nao ulijirudi, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2015, miaka sitini baada ya ushindi ule, wazee waliobaki wa timu ya 1955 walipewa heshima ya kuongoza gwaride la sherehe za mashindano ya magari ya Indianapolis. Safari hii walipita katikati ya mji.

Heshima iliyocheleweshwa miaka sitini haiwezi kuwafikia waliokwisha kufariki, na mwalimu Crowe alifariki mwaka 2003. Kwa hiyo askari anayesimama leo kando ya uwanja, au mbele ya msafara wa vijana wanaoimba kwa ushindi wa shule yao, na akumbuke kuwa amri aliyonayo mkononi ina uzito kuliko kombe. Akiwatendea kwa haki, wataondoka wakiipenda nchi yao na wakimheshimu mlinzi wao. Akiwatendea kwa dhana mbaya, huenda pasitokee fujo yoyote usiku huo. Lakini kijana mmoja atakwenda kwa baba yake na neno zito moyoni, na neno hilo litaishi kuliko furaha ya mechi.