Ukimya wa Duarani

Ukizama kwenye duara la dhahabu Namungo, wilayani Ruangwa, kelele za karasha na bodaboda hukatika kidogo kidogo. Unabaki na tochi ya kichwani na pumzi zako. Mchimbaji anaufuata mwamba kwa ajili ya dhahabu. Duniani wapo wanaoshuka migodini kufuata ukimya wenyewe.

Wanatafuta maada ya giza, kitu chenye uzito lakini kisichotoa mwanga wala kuuzuia. Miaka ya 1970, Mmarekani Vera Rubin alizikuta nyota za pembezoni mwa galaksi zikienda kasi kiasi kwamba zingepaswa kuchomoka. Kuna kitu kinazishikilia, na kwa hesabu za leo ni kama mara tano ya maada yote tunayoijua.

Cha angani kinatafutwaje ardhini? Nyoosha kiganja, hata ukiwa sokoni Nachingwea. Kila sekunde chembe moja hivi ya myuoni, iliyozaliwa juu angani, hukipenya bila maumivu. Kwa chombo kinachosikiliza mnong'ono, hiyo ni mvua juu ya bati. Kinga yake ni mwamba mnene.

Afrika iliijua mapema kazi ya kusaka chembe migodini, ingawa si za maada ya giza. Mwaka 1965, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, kwenye mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, wanafizikia Friedel Sellschop na Frederick Reines walinasa nyutrino, chembe zisizogusana na karibu chochote, zilizozaliwa angani. Njia za kufika huko zilichimbwa kwa jasho la Waafrika, na hilo lisisahaulike.

Leo mgodi wa Homestake, Marekani, uliofunga uchimbaji wa dhahabu mwaka 2002, una mtambo wa LZ: tani 10 za zenoni ya kimiminika, kilomita 1.5 chini. Chembe ya maada ya giza ikiigonga, kitatoka kimulimuli cha mwanga. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya siku 280, na hakuna kilichonaswa. Namungo wanaielewa habari hiyo: duara lisilotoa kitu limekuonyesha pa kutochimba tena.

Kilichonigusa zaidi ni ulanga, madini yale yanayobanduka kama kurasa. Mwaka 1995 watafiti walichapisha walivyoukagua ulanga wa kale, wakitafuta makovu ambayo maada ya giza ingeyaacha humo kwa mamilioni ya miaka. Hawakuyaona. Hapa Namungo nimeokota kipande kwenye kifusi, chembamba kama ganda la kitunguu. Nimekilaza kiganjani, nikakigeuza juani, nikaanza kuhesabu sekunde.