Wenyeji wa Msitu Mbele ya Sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu iliyotungwa na Waingereza huko Bara Hindi mwaka 1927, ambayo ilirithi kanuni zake kutoka sheria za 1865 na 1878, na ambayo ingali ikitumika hata leo, serikali ikitaka kuufanya msitu kuwa hifadhi yake hutangaza azma hiyo, humweka ofisa wa kusikiliza madai, na huwapa wenyeji muhula usiopungua miezi mitatu wa kujitokeza na kueleza haki walizo nazo; na haki yoyote isiyodaiwa katika muhula huo, ila kwa udhuru wa kutosha, huhesabiwa kuwa imekufa. Msomaji na atafakari maana ya utaratibu huo kwa watu wa vilima vya jimbo la Odisha au vya wilaya ya Gadchiroli, ambao mababu zao walilima, wakarina asali na kuzika maiti wao katika misitu hiyo kabla ya kuwapo ofisi yoyote, na ambao wengi wao hawakujua kusoma. Tangazo lilitolewa, miezi ikapita, na mtu aliyelala mwenyeji akaamka mvamizi.

India ilipojitawala mwaka 1947 mtawala alibadilika, lakini daftari la misitu halikubadilika. Fauka ya hayo, misitu mingine mingi ilitiwa katika daftari hilo bila hata ule uchunguzi mdogo wa madai kukamilishwa. Mwaka 2002, wizara ya mazingira ilipoziamuru serikali za majimbo kuwaondoa walioitwa wavamizi, kilio cha Waadivasi, yaani watu wa asili wa nchi, kilifika Delhi kwa kishindo kisichoweza kupuuzwa. Ndipo Desemba 2006 bunge likapitisha Sheria ya Haki za Misitu, ambayo dibaji yake inakiri waziwazi kwamba watu hawa walidhulumiwa, zama za ukoloni na hata baada ya uhuru. Ni nadra dola kuandika ungamo la namna hiyo ndani ya sheria yake yenyewe, nami naliona kuwa ndilo nguzo ya sheria nzima, maana kwalo yote yaliyomo humo hayawi tena hiba ya serikali kwa raia, yanakuwa deni linalolipwa.

Haki zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya mtu na jamaa yake: ardhi ya msitu waliyokuwa wakiikaa na kuilima kabla ya tarehe 13 Desemba 2005, isiyozidi hektari 4, ambayo hati yake huandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja, na ambayo hurithiwa lakini haiuzwi. Wakazi wa msitu wasio wa makabila ya asili yaliyoorodheshwa kisheria nao wanaipata, ila hutakiwa kuthibitisha ukazi wa vizazi vitatu, yaani miaka 75, sharti zito mno kwa mtu asiye na nyaraka. Ya pili ni ya kijiji kizima: kumiliki mazao ya msitu ghairi ya mbao, kama vile asali, nta, mianzi, na majani ya tendu yanayosokotewa sigara za bidi, pamoja na kuulinda, kuuhuisha na kuusimamia msitu ambao kijiji kimeutumia kwa desturi. Hii ya pili, ambayo maofisa wengi wameipa kisogo, ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa kipande cha shamba hulisha nyumba moja, ilhali mamlaka juu ya msitu hukipa kijiji kauli mbele ya kampuni, mkandarasi na idara ya misitu.

Dai huanzia katika baraza la kijiji, liitwalo gram sabha, ambamo watu wazima wote huketi. Ndilo linaloteua kamati ya kukagua mipaka na ndilo linalopitisha azimio, kisha jambo hupanda kwenye kamati ya tarafa na ile ya wilaya, ambayo uamuzi wake ni wa mwisho. Pamoja na nyaraka za serikali, kanuni zinakubali kauli za wazee zilizoandikwa, na alama zilizo ardhini, kama visima, makaburi na mahali patakatifu. Hapa sheria imefanya insafu kubwa, maana mtu aliyenyimwa karatasi kwa karne nzima hawezi kwa haki kudaiwa karatasi, na mzee anayejua kaburi la bibi yake liko chini ya mti gani ni shahidi bora kuliko ramani iliyochorwa na mpita njia.

Mendha Lekha, kijiji cha Wagondi katika wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupewa haki hiyo ya pili, mwaka 2009, juu ya takriban hektari 1,800 za msitu wenye mianzi tele. Lakini kukata mianzi ni jambo moja na kuisafirisha ni jingine: idara ya misitu, ikishikilia kwamba sheria ya 1927 iliuhesabu mwanzi kuwa mti, iligoma kutoa hati za kuupitisha njiani, hata ikambidi waziri wa mazingira, Jairam Ramesh, afike mwenyewe kijijini Aprili 2011, na daftari la hati hizo likakabidhiwa baraza. Huko Odisha nako, katika milima ya Niyamgiri ambayo Wadongria Kondh wanaitukuza kuwa makao ya mungu wao Niyam Raja, palipokusudiwa kuchimbwa boksiti kwa ajili ya kampuni ya Vedanta, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 18 Aprili 2013 kwamba mabaraza yaulizwe. Vijiji 12 vikaulizwa, vyote 12 vikakataa, na Januari 2014 serikali kuu ikanyima idhini.

Mahali pengi, hata hivyo, kalamu imebaki mkononi mwa ofisa. Wahifadhi wa wanyamapori, ambao hofu yao ya kupotea kwa miti si ya kubezwa, waliishitaki Sheria ya Haki za Misitu mahakamani tangu 2008, na tarehe 13 Februari 2019 Mahakama ya Juu ikaamuru waondolewe wote ambao madai yao yalikataliwa, nyumba zaidi ya milioni 1. Tarehe 28 ya mwezi huo huo ikaisimamisha amri yake, na kuyataka majimbo yaeleze madai hayo yalikataliwa vipi. Swali hilo lilikuwa la haki, kwa sababu wengi waliokataliwa hawakupata kuambiwa sababu, ilhali kanuni zilizorekebishwa mwaka 2012 zinaamrisha wapewe sababu kwa maandishi, na siku 60 za kukata rufaa kwenye kamati ya tarafa au ya wilaya. Pasipo maandishi hayo hakuna msingi wa kumhamisha yeyote. Faili zifunguliwe upya, visima na makaburi yakaguliwe, na wazee waliobaki waandikwe kauli zao wangali hai.